Lipu ya Udongo wa Kichuguu

Ukuta wa chumba kidogo ulianza kutoka jasho siku ya tatu baada ya Bartolomeo kuupiga lipu. Doa lilikuwa chini ya dirisha, dogo kama kiganja. Sikuzani, mkewe, aliligusa. Lilikuwa vuguvugu.

"Baba, njoo uone. Ukuta unavuja."

Bartolomeo alikuwa fundi wa lodge moja ya watalii kule juu, njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Kazi yake ni koki, masinki, vitasa na mabati yaliyopeperuka. Mgeni akilalamika maji ya moto hayatoki, anaitwa yeye. Aliinama akaliangalia lile doa, akacheka.

"Nyumba ya fundi inavuja! Rhotia nzima ikisikia, nimekwisha."

"Watasikia leo leo. Nitawaambia mimi mwenyewe."

Alitafuta chanzo kama alivyozoea kazini. Bomba lilipita upande wa jikoni, mbali na ukuta ule. Alipanda juu ya bati, hakuona tundu. Gata la maji ya mvua lilikuwa safi. Alifunga maji ya simtanki siku mbili nzima. Doa halikukauka. Siku ya pili lilikuwa kubwa kama sahani, na lilinuka maziwa.

Chumba kile kilikuwa cha mtoto. Sikuzani alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwaka uliopita pia alikuwa nayo, ikafika miezi tisa, akazaa mtoto wa kiume saa kumi jioni, na mtoto hakulia. Akina mama wa pale mtaani walimchukua wakamzika wenyewe. Desturi yao ni hiyo: mtoto aliyezaliwa kimya hazikwi na wanaume, baba haonyeshwi, na mama haambiwi mahali, asije akaenda kukaa pale akashindwa kurudi nyumbani. Bartolomeo alirudi kazini kesho yake. Watu walisema ana moyo mgumu.

Wiki ile ile ya doa, Sikuzani alikuwa anafagia chumba kidogo jioni, jua bado linawaka, akasikia nchu, nchu, nchu. Alidhani ni koki ya jikoni. Akaenda, akaikaza. Aliporudi, sauti ilikuwa ndani ya ukuta, na haikuwa ya maji. Ilikuwa ya mtoto ananyonya. Kifua chake kikajaa ghafla, gauni likalowa maziwa. Halafu akagundua kwamba yule wa tumboni, aliyekuwa anapiga mateke tangu asubuhi, ametulia kabisa.

Saa ilikuwa kumi.

Bartolomeo alipaka simenti juu ya doa. Simenti ilikauka vizuri, ila kesho yake saa kumi maji yaliipenya, na safari hii kulikuwa na sauti mbili: ya mtoto, na nyingine nyuma yake, ya mwanamke, inambembeleza taratibu kwa maneno yasiyoeleweka. Wote wawili walisikia. Wote wawili walisimama mlangoni.

"Mtoto amecheza leo?" Bartolomeo aliuliza kwa kunong'ona.

"Asubuhi tu. Ukuta ukianza, yeye ananyamaza. Na kila siku ananyamaza muda mrefu zaidi."

"Usiseme hivyo."

"Nisiseme, halafu iweje? Nitazaa mwingine wa kimya, Baba. Naona kabisa."

Asubuhi walimwita Bibi Sofia, jirani aliyemzalisha mwaka uliopita. Bibi aliingia na fimbo yake akiwatania. "Mmeniita kuangalia ukuta? Mimi nimekuwa injinia?" Halafu akaona rangi ya lipu, akaacha kucheka.

"Udongo huu umeuchimba wapi?"

"Kwenye kichuguu cha nyuma, Bibi," Bartolomeo akajibu. "Udongo wa kichuguu unashika sana. Ukichanganya na simenti kidogo, hauachii."

Bibi Sofia akakaa chini sakafuni, palepale.

"Mwanangu," akasema polepole, "kichuguu hakilimwi, wala hakijengewi. Ndiyo maana tulimlaza mtoto wenu pale chini yake. Tulijua hakuna jembe litakalomgusa."

Bartolomeo aliangalia mikono yake. Aliigeuza, akaiangalia tena. Kisha akaifuta kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi.

Waliyemleta ni Mwalimu Talha, mwenye duka la misumari na mabomba mjini Karatu, anayejua pia kusomea watu dua. Alianza kama muuza duka. Aligonga ukuta kwa kidole, akanusa, akauliza habari za bomba na gata.

"Fundi, umekagua kila kitu?"

"Kila kitu, Mwalimu."

"Basi ukuta huu hauna haja ya spana." Akavua kofia yake, akaivaa tena. "Kichuguu kina mwenyewe. Mlimpa mgeni bila kujua, naye akampokea akawa mlezi wake. Sasa wewe umembeba mgeni ukamleta ndani, na mlezi amemfuata. Hana ubaya na nyie. Ila hana maziwa. Anachukua kwa huyu mama, na yakiisha atachukua kwa aliye tumboni."

Sikuzani alishika tumbo. "Yule anayenyonya... ni wangu kweli?"

Mwalimu Talha aliondoa mkono ukutani. "Wako alikuwa kimya, mama. Hii sauti amepewa huko alikoenda."

Alitoa masharti. Udongo wote urudi kichuguuni kabla ya saa kumi. Baba aliyeuchimba ndiye aubandue na kuubeba. Sakafu ifagiliwe, ndoo na mwiko vioshwe, maji ya kuoshea yamwagwe huko huko. "Hata ulioingia kwenye kucha, uutoe. Kikibaki kidogo, mlango umebaki wazi."

Bartolomeo alichukua tindo na nyundo. Pigo la kwanza tu, kilio kikaanza, ingawa saa kumi ilikuwa bado. Alipiga, na lipu ikawa inaanguka kwa mabonge yaliyolowa, na kila bonge likianguka kilio kinapanda, na nyuma yake yule mwanamke asiyeonekana naye akaanza kulia ndani ya matofali, kilio cha mtu anayenyang'anywa, mpaka mbwa wa jirani wakakimbilia mashambani na Sikuzani akapiga magoti akiziba masikio kwa mikono miwili, huku maziwa yanamtiririka mpaka kwenye kanga, huku Mwalimu anasoma kwa sauti ya juu inayokatikakatika, na Bartolomeo anapiga, anapiga, machozi yanamchuruzika na vumbi jekundu limemjaa usoni, wala hakusimama kujifuta.

Alizunguka na toroli mara tisa kutoka chumbani mpaka kichuguuni. Ni hatua ishirini tu. Mzigo wa mwisho ulipomwagwa, mchwa walitoka wengi, wakaanza kuziba tundu wenyewe. Kilio kikawa kinakwenda chini, chini, mpaka kikaisha. Sikuzani alihisi teke tumboni, kali, akalia kwa nguvu kama mtu aliyefiwa siku ile.

Mtoto alizaliwa mwezi wa pili. Wa kike. Alilia mpaka Bibi Sofia akasema huyu atauza mnadani. Wakamwita Vumilia. Ukuta ulipigwa lipu ya mchanga na simenti, ukakauka ukawa mweupe.

Mwezi wa nne Sikuzani alifua ovaroli ya kazi ya mumewe. Upepo wa Karatu ulikausha kila kitu kwenye kamba, isipokuwa mfuko wa kifuani. Aliuanika tena kesho yake. Ukabaki umelowa. Akaunusa. Ulinuka maziwa.

Ndani kulikuwa na kibonge cha udongo kama punje ya hindi. Kilikuwa kimezungushiwa tepu nyeupe ya mabomba, mizunguko mingi, vile fundi anavyozuia maji yasivuje.

"Baba Vumilia. Hiki ni nini?"

Bartolomeo alikaa kwenye ngazi ya mlango. Hakuinua kichwa.

"Wewe ulimbeba miezi tisa," akasema. "Bibi Sofia alimwosha. Mimi hata uso sikuonyeshwa."

"Ulimsikia Mwalimu."

"Nilimsikia."

"Basi kirudishe."

"Nitarudisha kesho."

"Umesema kesho mara ngapi?"

"Kila siku, Mama Vumilia. Kila siku nakitoa, nafika pale, narudi nacho."

Sikuzani alikitazama kibonge kiganjani, Vumilia akilia mgongoni kwake. Kilikuwa vuguvugu. Alijua njia, hatua ishirini, na kichuguu kilionekana kutoka pale aliposimama. Akapiga hatua moja. Ndipo kiganjani kukaanza, polepole sana, nchu, nchu, nchu, na miguu yake ikakataa. Akakaa kando ya mumewe, akakibana kibonge kifuani kwa mikono miwili.

Mgongoni, ndani ya kanga, Vumilia aliyekuwa analia akanyamaza.