Sauti Nyuma ya Magitaa

Jua lilikuwa limeinama Waleed alipofika Sagalla, koo limemkauka. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka tisini na tatu, na mtu aliyefunga hana haja ya kupanda mlima ule kwa miguu. Lakini mama yake Donald alikuwa amemtumia salamu: njoo jioni, na uje na ile kanda aliyoipenda Donald.

Donald alikuwa sahibu yake. Alikuwa akiosha vyombo katika hoteli moja ya watalii mbugani, na mgeni mmoja alipoondoka aliacha mfuko wa kanda za vijana wa Kiingereza, wale wanaopiga magitaa huku wakitazama viatu vyao. Voi nzima, muziki ule ulipendwa na watu wawili tu. Wateja wa kibanda cha Waleed, alimokuwa akiuza na kurekodi kanda, walimwomba azime kelele hizo awawekee taarabu.

Taarabu anaijua, ndiyo ya kwao. Lakini taarabu humtaja aliyekuumiza, ikamsuta mpaka jirani akajua. Muziki huu haumtaji mtu. Magitaa yanarundikwa moja juu ya jingine, yanavuma kama mvua kwenye mabati, na mwimbaji yuko huko nyuma, kajificha kama bibi harusi nyuma ya pazia. Maneno huyasikii. Unasikia tu kwamba kuna mtu, na mtu huyo ana huzuni. Basi palipokosa maneno unatia yako. Waleed alitia mengi, hasa tangu Donald alipodandia lori la Mombasa kwenda kutafuta kazi, lori likapinduka hata nusu ya safari halijafika.

Alimlilia. Pia alimkasirikia, tena sana. Mtu gani huondoka bila hata kuaga?

Kisha, juma lile la salamu, sauti iliyokuwa nyuma ya magitaa ikaanza kumwita.

“Wale...”

Hakuna aliyemwita hivyo ila Donald.

“Hodi.”

“Karibu, mwanangu. Ingia.”

Mbuzi walikuwa wamesongamana upande wa mbali wa zizi, hawataki kusogelea nyumba. Ndani mlinuka dizeli. Mama Donald, mjane mwembamba wa maneno machache, alikuwa ameketi mbele ya redio kaseti ya marehemu.

“Unaskia hiyo harufu?” alinong'ona. “Kila jioni. Na redio yake inaimba. Haina betri, Waleed. Nilitoa mimi mwenyewe.”

Waleed aliigusa kanda mfukoni. Naye alikuwa akiitwa kwa jina kila siku.

“Mtoto wangu hajalala,” mama akaendelea. “Kuna mtu amemshika na hasira. Sisi wa hapa nyumbani tulitasa wote. Umebaki wewe.”

Kutasa Waleed alikujua, amekulia Voi na Wataita ndio majirani zake. Mwenye kinyongo hutamka lililo moyoni, hupiga funda la pombe ya miwa, kisha hulitema kwa kulipuliza, na hasira ikatoka pamoja na matone. Ndipo aliyekasirikiwa, awe hai au maiti, akapata nafuu.

“Pombe wewe hunywi, nimekuwekea maji. Hii maji nimechota mbali, usiniangushe. Sema umemsamehe, uteme hapo mlangoni. Aende apumzike.”

“Na sauti yake, Mama?”

“Sauti itaenda na mwenyewe. Weka kanda, asikie.”

Waleed akaitia kanda kwenye redio isiyo na betri. Akabonyeza.

Ikazunguka.

Magitaa yakaja, mazito, yakakijaza chumba. Kisha yakaanza kupungua, moja moja, kama watu wanaotoka msibani... mpaka ikabaki sauti peke yake. Safi. Karibu kabisa na sikio.

“Wale... huku hakuna mtu.”

Machozi yalimtoka Waleed. Alishika kikombe kwa mikono miwili. “Nimekusamehe,” akasema, na kweli alikuwa amesamehe. Akapiga funda. Kilichobaki ni kutema.

Akameza.

Magitaa hayakurudi. Redio ilinyamaza, na harufu ya dizeli ikakatika. Huko nje mbuzi wakasogea mlangoni, wakilia.

“Nimefunga, Mama,” akababaika. “Magharibi imeingia... ni mazoea tu...”

Si uongo. Mwezi mzima jua likizama na maji yakigusa ulimi, koo haliulizi. Lakini moyoni alijua kwamba hata angekuwa ameshiba maji, asingemtema.

Mama Donald alikuwa akimtazama kooni.

“Umemmeza mwanangu.”

“Ni maji tu, Mama.”

“Maji yakimwagika hayazoleki,” mama akasema polepole. “Na yakimezwa?”

Kanda ile, alipoicheza tena Voi, ilikuwa magitaa matupu mwanzo hadi mwisho, nyuma yake hamna mtu. Pumzi ya Waleed ikawa inanuka dizeli. Dada yake, Saadiya, akamtania kwamba siku hizi anafyonza mafuta ya magari kwa mpira. Upweke ulikuwa umemtoka wote. Hilo ndilo lililomtisha.

Jioni iliyofuata Mama Donald aliteremka mlima, akaja kuketi kibandani. Waleed alidhani amekuja kumlaani, au kumletea maji mengine.

“Sema kitu,” mama alinong'ona.

“Niseme nini, Mama?”

“Chochote.”

Waleed akamwambia kwamba leo wateja wamekuwa wachache. Mama akafumba macho, akalia, akacheka kidogo. Habari za kutasa hakuzitaja tena.

Siku hizi huja kila jioni. Watu wa sokoni wanasema uchungu umemharibu akili, na Waleed hawabishii. Yeye huketi kimya anatazama barabara, midomo ameibana, na mama wa watu, ubavuni pake, anaitikia.

“Ee, baba, nimekula... Nipo... Hapana, siendi popote.”