Anayeitika Mara ya Kwanza

Bisha. Nakuruhusu ubishe tangu sasa, maana wabishi wote niliowasimulia kisa hiki walianza kwa kucheka wakaishia kuniomba niwasindikize chooni. Sema sikusoma, sawa, shule niliitupa mapema. Lakini shangazi yangu Leonia aliusomea unesi hapa hapa Tabora, na haya yalimkuta yeye. Ukitaka ubishi, kabishane na cheti chake.

Jambo lenyewe lilianza na kikombe.

Ulikuwa mwaka ule ambao malori yalizunguka yakiwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Leonia, binti wa wakulima wa Nzega, alikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ambayo jina silitaji. Alipangiwa wodi ya wanawake waliojifungua. Jioni moja, alipokwisha kugawa dawa, akaanza kukusanya vile vikombe vidogo vya bati wanavyowekewa vidonge. Kimoja kilikuwa na uvuguvugu. Alipokiinua kikamnata vidoleni. Kilikuwa kimelambwa ndani na nje, mpaka chini ya kitako, na mate mazito yakavutika kutoka kikombeni hadi kidoleni kama mlenda, yananuka samaki aliyesahauliwa mkobani.

"Ptuu!" Akakitupa kwenye karai, akanawa mpaka ngozi ikawasha.

Sasa nikwambie ugonjwa wa shangazi: kinyaa. Nesi mwenye kinyaa ni sawa na mchinjaji anayezimia akiona damu. Pamba zilizolowa usaha, maziwa yaliyochachia kwenye kanga, ndoo za chini ya vitanda, vyote vilimpandisha roho kooni. Kwa hiyo akajibunia utaratibu wake.

Mwalimu wao, Sista Koleta, mama mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa, aliwaimbisha kila asubuhi: "Mgonjwa ndiye? Dawa ndiyo? Kiasi ndicho? Njia ndiyo? Saa ndiyo? Mwone akimeza, ndipo kalamu itembee!" Leonia aliimba kuliko wote. Ila akibaki peke yake alisimama mlangoni, leso puani, akaita majina kama mwalimu anayeita mahudhurio. Ukiitika tu, anapita mbio, anakuwekea kikombe, anatia sahihi kwenye kadi yako, huyo katoka.

Kitanda cha mwisho kilizungushiwa pazia kwa ajili ya harufu. Hapo alilala Mwanahawa, mke wa fundi bati wa mtaa wa Ng'ambo, aliyejifungua salama kisha akashikwa na homa ya uzazi. Daktari alimwandikia vidonge vya salfa, alfajiri na magharibi. Pazia lile Leonia hakuthubutu kulifungua.

"Mwanahawa!"

"Abee," sauti iliitika papo hapo.

Anapenyeza kikombe chini ya pazia, mkono unakipokea, kalamu inatembea.

Na adabu ile ilimpendeza, mjue! Wanawake wengine wa mjini walimchosha. Ukiwaita magharibi mara moja, kimya, kama unaita mawe, mpaka urudie. Mwanahawa peke yake hakumsumbua.

Lakini Mwanahawa alikuwa anakwisha. Macho yalizama, midomo ikapasuka, na mtoto ikabidi anyonyeshwe na mwanamke wa kitanda cha jirani. Daktari akapekua kadi, akakuta kila dozi ina sahihi. "Dawa amekunywa yote," akasema. "Basi salfa imeshindwa. Homa ikienda hivi hatutakuwa naye."

Mchana ule Leonia alikutana barazani na Bi Kuluthumu, mama mkwe wa mgonjwa, kabeba bakuli la uji. Bi Kuluthumu huyu alikuwa mgomvi, hata kuku wa jirani walimwepuka.

"Shikamoo, Bi Kuluthumu."

"Marahaba. Hebu niambie wewe binti, hizo dawa za mkaza mwanangu mnazila wenyewe?"

"Hasha! Nampa kila siku. Tena ana adabu, nikimwita mara moja tu kaitika."

Bi Kuluthumu akaliweka bakuli chini taratibu. Ugomvi wote ukamtoka usoni.

"Unamwita saa ngapi?" Sasa alikuwa ananong'ona.

"Alfajiri. Na magharibi."

"Sikiliza, mwanangu. Ng'ambo hakuna mtu anayeitika mara ya kwanza saa hizo. Tunafundishwa tungali migongoni mwa mama zetu. Binadamu usipomwitikia ataita tena. *Wao* huita mara moja. Kwa hiyo tunanyamaza, tunasubiri ya pili." Akamshika mkono. "Na Mwanahawa hana hata sauti ya kuomba maji. Mimi ndiye ninayemtilia maji kwa kijiko."

"Basi anayeitika..."

"Ndicho ninachokuuliza. Unamlisha nani?"

Leonia akaukumbuka ule mkono wa chini ya pazia, jinsi ulivyokuwa ukichelewa kukiachia kikombe. Akatapika pale pale barazani.

Akaenda kwa Sista Koleta, akayatapika na ya moyoni. Sista alisikiliza bila kupepesa.

"Ulimwona akimeza?"

"Niliandika, Sista."

"Sikukuuliza uliandika nini."

Leonia akaificha leso yake mfukoni.

"Majini siyajui mimi, mambo ya Ng'ambo hayo. Ninalolijua ni pazia. Jioni hii utalifungua. Usimwite jina, maana kila mwenye mdomo anaweza kuitika. Mshike mkono, umuulize, yeye mwenyewe akwambie anaitwa nani. Mimi nitakuwa nje ya mlango. Ukitoka na kadi yenye sahihi ya uongo tena, kesho uko Nzega na jembe."

Magharibi ikaingia. Adhana ilikuwa inamalizikia upande wa Ng'ambo, na wodi nzima ilikuwa imenyamaza, hata vichanga. Leonia akapita katikati ya vitanda akiwa na kikombe, bila leso. Kadiri alivyolikaribia pazia ndivyo ule uvundo wa samaki ulivyomwingia puani, ukashuka kooni, ukawa kama kitu anachotafuna, na alipolishika pazia akalikuta limelowa, linateleza, na nyuma yake kuna mtu anayefyonza, anafyonza polepole kwa raha kama mtoto mwenye kipande cha muwa, na moyo ukamwambia kimbia Leonia, nenda kalime, jembe halina ulimi, lakini mkono ukawa umekwisha kuvuta.

Mwanahawa alikuwa amelala chali, mkavu kama ganda.

Kilichofyonza kilikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, kimechuchumaa juu ya ndoo, kina umbo la mwanamke aliyekunjwa mahali pasipo na kiungo, ngozi nyevu kama ya panya mchanga, na kilikuwa kimeshika zile pamba za usaha kwa mikono miwili, kinazikamua kinywani moja baada ya moja, na kwenye ufizi wake kulikuwa na vidonge vyeupe vimenatana, vimevimba, kinavichezea kwa ulimi mrefu huku kinamtazama yeye, kinamtazama kwa furaha, kama mgeni anavyomtazama mwenyeji aletaye sinia.

Leonia akameza kilichompanda. Akamshika Mwanahawa mkono.

"Unaitwa nani?"

"Abee," kikasema kile.

"Nimeuliza, unaitwa nani?"

"Abee. Abee. Abee!" Na kila abee ilikuja na povu. Jina hakikuwa nalo. Hakikujua ila kuitika.

Leonia akamwinamia mgonjwa mpaka pua zikakaribiana, akauvuta ule uvundo wote. "Dada, nakusihi. Niambie wewe. Unaitwa nani?"

Midomo iliyopasuka ikasogea. "Mwana... hawa. Binti Saidi."

Kidonge kikaingia. Maji yakafuata. Leonia akamfungua kinywa, akaangalia juu ya ulimi, akaangalia chini ya ulimi. Ndipo kalamu ikatembea. Na kile kikalia kama paka aliyemwagiwa maji ya moto, kikajikunja, kikajipenyeza mfupa kwa mfupa kwenye tundu la sakafuni la kupitishia maji machafu, kikaacha utelezi tu. Mwanahawa akapona, akarudi Ng'ambo na binti yake, na Bi Kuluthumu akarudia ugomvi wake.

Hapo ndipo huwa naishia. Watu wanashusha pumzi, wananisifu, naombwa nile.

Lakini wewe hukubisha hata kidogo, na mtu asiyebisha ananitia haya. Haya, nikupe sehemu niliyoiruka.

Hakikuingia tunduni. Tundu lenyewe hata panya hapiti. Kilibaki pale pale kimekumbatia ndoo, na kikasema neno jingine, kwa kunong'ona, kama mtu anayedai haki yake ofisini:

"Nimeandikiwa."

Leonia akaelewa. Sahihi zote zile alizozitia kwenye kadi ya Mwanahawa zilikuwa zimekiandikia dawa hicho, si Mwanahawa.

"Nihamishe," kikasema. "Niandike kwingine, niondoke."

Barazani nyuma ya wodi alilazwa bibi mmoja, Ngollo, kaletwa kutoka kijiji cha Igunga. Alikuwa amepooza upande mmoja, na tangu apooze hakutamka neno. Hakuwa na mgeni. Shangazi yangu akaichukua kadi yake, na safari hii hakuruka kitu. Jina, dawa, kiasi, njia, saa. Akaenda mpaka kitandani. Hakuziba pua. Akakiweka kile kikombe, kilichokwisha kulambwa na kiumbe kile, kwenye midomo ya bibi, akasubiri mpaka alipoliona koo likishuka, ndipo akatia sahihi, mwandiko mzuri kabisa. Sista Koleta alipoipitia ile kadi alimsifu.

Baada ya muda mwanawe, Mahona, akaja na lori la ushirika kumchukua. Akasimama mlangoni mwa baraza, akamwita mama kwa lugha ya kwao, "Mayo!"

"Abee," bibi akaitika papo hapo.

Mahona akacheka huku analia. "Nesi! Mama yangu huyu Kiswahili hajakijua tangu azaliwe! Mmemfundisha ninyi? Mungu awalipe." Akamshika shangazi mikono yote miwili, akaitikisa.

Wajukuu walikuwa juu ya magunia, wanagombania nani apakatwe na bibi. Lori lilipoondoka shangazi aliwapungia mkono. Bibi alikuwa katikati yao, akiwalamba vidole mmoja mmoja, nao wanacheka, wanasema anatekenya.