Mtaimbo wa Waithira

Kila Jumamosi asubuhi Waithira, msichana wa miaka kumi na miwili, huwakorogea wadogo zake uji nyumbani kwao Eldoret. Jumamosi hii ya mwaka 1967 mkono ulikoroga lakini moyo ulikuwa Sugoi. Huko shamba la mzungu lilikuwa likigawiwa wanakikundi waliolinunua kwa pamoja, na mama yake, Waceke, angetia kidole kwenye hati ya sehemu yake siku hiyo. Akikosea, familia haingepata shamba jingine.

Yeye na mama yake walipofika Sugoi, dalali Eliakim aliwapokea kwa tabasamu refu mno.

"Mama Waithira, mawe ni ya pale mtoni tu," alisema, akiwaonyesha bondeni malundo ya udongo uliotolewa na fuko. "Fuko hachimbi mwamba! Hata ekari zenu kule juu ziko hivi hivi."

Waithira hakumwamini hata kidogo. Mbona kila walipoelekea juu alikumbuka jambo jingine la kuwaonyesha bondeni? Na kule juu hapakuwa na lundo hata moja la fuko.

"Mama," alinong'ona, "Mwalimu Nelima anasema lava nzito inayotoka polepole hurundikana kama ugali. Ikitoka moto sana, nyepesi na nyingi kwa mara moja, hutandaa mbali kama uji uliomwagika. Ya huku kwetu ilitandaa. Hilo jiwe la mtoni ni lava iliyoganda, na huenda limefika mpaka kule juu."

"Volkeno gani, na Elgon iko kule mbali?" Eliakim, aliyeusikia mnong'ono, alicheka, macho yakikwepa.

"Si lazima itoke mlimani, Mzee. Hutoka hata kwenye nyufa za ardhi."

Mama alisita. Waithira aliogopa kuonekana hana adabu, lakini alimwomba Mzee Kipyego, kibarua wa shamba, mtaimbo, akapanda juu. Aliuchomeka ardhini. Shubiri moja tu, ngwa! Mwamba. Hatua hamsini mbele, ngwa!

"Eliakim, ulijua?" Mama aliuliza.

"Mama... si lazima mtu alime mahindi. Kuna kufuga."

Alipobanwa alikiri. Kumbe ekari za bondeni alikuwa amemtengea nduguye! Wanakikundi walipolisikia hilo, walikasirika, wakaamua ekari zote zigawiwe upya kwa kura. Mama alipata moja ya zile za bondeni. Hakutia kidole mpaka mtaimbo ulipozama wote.

"Kumshuku mtu ni rahisi, mwanangu, hata mimi nilimshuku nikanyamaza," alimwambia Waithira. "Siku nyingine ukiwa na shaka, fanya kama leo. Uliza, kisha uchimbe."