Geji ya Oili ya Anwari

Duka la spea pale Mkuti, Masasi, lilijaa watu hadi mlangoni. Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa ulikuwa umeanza, na kila mwenye pikipiki alitaka chombo chake kipone awahi shambani. Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, raba nyeupe pe, ameshika geji ya turbo yenye taa ya buluu. Alikuwa Anwari, muuza pembejeo wa Newala, mwenye Subaru ya turbo aliyoishusha chini na kuiongezea nguvu hadi majirani wakachoka na mngurumo wake.

"Nipe hii," alimwambia muuzaji.

"Kaka, hiyo itakuonyesha unavyokimbia," sauti ya kike ilisema nyuma yake. "Haitakuonyesha injini inavyokufa."

Akageuka. Loo! Ovaroli ya buluu, ushungi wa njano, macho yanayocheka kabla ya mdomo. Huyo ndiye Wema, fundi umeme wa magari, na Masasi nzima inamjua kwa kazi yake.

"Samahani dada, nimekuuliza?"

"Hujaniuliza, ndiyo maana nakwambia bure. Gari ukiliongezea nguvu, geji ya kwanza ni ya presha ya oili. Hiyo ya buluu ni pambo tu. Wa wapi wewe?"

"Newala."

"Aaa, watani zangu! Kwa shida ya maji ya huko kwenu, maji mnajua kuyatunza hadi tone la mwisho, oili hamjui."

Duka zima likaangua kicheko. Anwari alinunua geji zote mbili, akaomba na namba ya simu ya fundi.

Alhamisi akapeleka gari gereji kwa Wema. Wema alivua viatu, akaingia, akapima kwa kiganja. "Ya turbo kaa nayo kwenye dashibodi, jifurahishe. Ya oili naiweka kwenye nguzo ya kioo cha mbele, jicho lako liione bila kuitafuta." Akapitisha waya hadi kwenye injini, akachukua sensa, kile kichuma kinachopima presha, akaizungushia nyuzi zake za kukazia tepu nyeupe ya mabomba raundi tatu, akaikaza karibu na chujio la oili. Gari lilipowashwa, mshale ukapanda, ukatulia.

"Mshale ukilala, usiubembeleze. Zima injini palepale. Umenisikia?"

"Nimesikia, bosi wangu."

"Halafu gari lako linanuka salfa."

"Hayo ndiyo marashi ya Newala, mtani. Utayazoea."

Na kweli akayazoea. Simu hazikukatika.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Mshale uko wapi?"

"Umesimama. Na fundi wake je, kanikumbuka?"

"Ukome, Anwari!" Lakini hakukata simu, wala hakutaka akome.

Penzi lilikolea hadi likafika kwa mjomba. Kwao Anwari neno la ndoa halisemwi bila mjomba, na Mzee Abdulkadiri alikubali kwenda kuposa mwenyewe. Jumamosi hiyo nyumbani kwa Wema pilau liliiva saa sita, wazee wakakaa mkekani, Wema akavaa gauni la kijani na hina mkononi. Saa saba kimya. Saa nane kimya. Saa kumi simu ikaita.

"Tulikwama mteremkoni, hata Lulindi hatukufika," Anwari alisema kwa hasira. "Mshale ulilala sifuri, nikazima. Tumevutwa na lori kurudi Newala. Fundi wa huku kapima, presha ipo tele! Geji yako ndiyo mbovu, Wema. Gereji nzima inanicheka."

"Geji niliyofunga mimi haidanganyi! Sema mjomba wako hataki mkwe mwenye oili kwenye kucha, tujue moja."

"Wema…"

Wema akakata simu. Aibu ile jamani! Mama yake alifunika sufuria, na wazee wakaaga mmoja mmoja.

Siku tatu hawakuzungumza. Jumanne asubuhi Wema alikuwa anafunga sensa ya namna ileile kwenye gari la mteja, mkono ukachukua tepu wenyewe, ukazungusha raundi ya kwanza, ya pili… Akaganda. Mungu wangu. Yeye ni binti wa fundi bomba. Tangu mtoto alifundishwa kuzungusha raundi tatu, tone lisipotee. Lakini sensa ile inapata umeme wake kwa chuma kugusana na chuma. Tepu ikijaa, barabara ikitikisa, mgusano unakatika, na mshale unalala wakati presha ipo. Kosa lilikuwa lake. Alikaa chini, akalia kidogo, kisha akafunga mfuko wa spana na kupanda gari la Newala.

Alimkuta Mzee Abdulkadiri barazani na Anwari akihesabu mifuko ya salfa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, binti."

"Nimekuja kusema kosa ni langu." Akaeleza yote bila kujitetea, akafungua boneti ya Subaru, akatoa sensa, akaibandua tepu, akaisugua mpaka chuma kikang'aa, akairudisha. Injini ikanguruma na mshale ukapanda. "Naomba radhi. Mkiona posa basi, sitalaumu."

Mzee alimtazama. "Unajua nilimwambia nini huyu pale mteremkoni? Nilimwambia endesha, injini inalia vizuri, wakwe wanasubiri. Nilimfokea! Akanijibu, 'Mjomba, Wema alisema mshale ukilala nizime.' Kaacha posa yake mwenyewe njiani kwa neno lako."

Wema alimgeukia Anwari. "Kweli?"

"Kweli. Halafu walivyonicheka nikakumalizia hasira wewe. Nisamehe, mpenzi wangu."

Machozi yakamtoka Wema, ya furaha safari hii. "Na mimi nilimsingizia mjomba."

"Mimi?" Mzee akacheka. "Mimi kilichoniuma ni lile pilau." Akavaa kofia yake, akafungua mlango wa nyuma wa gari. "Twendeni."

"Mjomba, wapi umeona posa inakwenda na anayeposwa ndani?" Wema aliuliza.

"Leo wataona. Kaa mbele, fundi."

Anwari aliwasha gari na kumshika Wema mkono ule uliokuwa bado na oili. Hakutaka kuufuta. Wema akapiga simu kwa mkono mwingine.

"Mama, bandika sufuria."

"Kuna nini tena, mwanangu?"

"Anwari na mjomba wake. Na leo wanafika, Mama, maana tuko pamoja."