Mvua Iliyochoma Mchicha

Veridiana na wenzake wa kikundi hubangua korosho katika kiwanda kidogo cha kijiji cha Mkunya. Chini ya kiwanda ana bustani ya mchicha. Mboga ya wanawe hutoka hapo.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mchicha wa kando ya mfereji uliungua majani. Veridiana alichanganyikiwa. Mvua gani inachoma?

Akaenda kwa jirani yake Hamidu, mwenye mikorosho, akamsema mpaka akatosheka. "Salfa unayopulizia mikorosho yako imeniulia mboga."

"Mama Isabela, nani anapuliza salfa mvua zikishaanza?" Hamidu aliuliza.

Hapo Veridiana akachanganyikiwa zaidi. Akamwita Mzee Benedikto, fundi wa mabomba aliyejifunza kazi Ndanda. Mzee aliufuata mfereji kuelekea juu, akafika kwenye rundo la maganda ya korosho nyuma ya kiwanda.

"Mkibangua, vidole mnapaka nini?"

"Majivu, mzee. Mafuta ya maganda yanaunguza."

"Basi mvua inayaosha mafuta hayo, inayashusha kwenye mchicha."

Veridiana aliona aibu. Kumbe sumu ilitoka kwao wenyewe.

"Liezekeeni rundo paa," mzee alisema. "Maji yatakayoendelea kuchuruzika yatulie kwenye shimo kwanza. Kisha yapite kwenye pipa lenye kokoto, mchanga na mkaa wa magunzi ya mahindi."

Veridiana akachoma magunzi, akayaacha yateketee kabisa. Akajaza majivu kwenye pipa. Yanayookoa vidole yatashindwa kusafisha maji? alijiuliza. Maji yakatoka ya kijivu, na mche aliomwagilia kwa majaribio ukanyauka.

Mzee alicheka kidogo. "Mkaa una vitundu vinavyonasa mafuta. Majivu hayana. Magunzi yakishakuwa meusi, yazime kwa maji. Yaponde yawe kama punje za mahindi, uyaoshe."

"Mkaa unaochafua mikono ndio usafishe maji?"

"Ndiyo. Lakini maji hayo si ya kunywa. Na mkaa ukichoka, badilisha. Usiupikie, usiumwage shambani. Muulize bwana afya pa kuutupa."

Veridiana akafanya hivyo, na safari hii mche mwingine wa majaribio haukunyauka. Baada ya wiki nne mchicha mpya ulijaa tuta. Veridiana bado alishangaa jinsi kitu cheusi kinavyosafisha, lakini watoto walikula wakashiba.

Fungu la kwanza alilipeleka kwa Hamidu.

"La nini hili?" Hamidu aliuliza.

"La ile salfa," alijibu, akitazama chini. "Nisamehe, Baba Zena."