Alama ya Kijani

Katika kijiji kizima cha Makere hakukuwa na mtu aliyeijua kompyuta kuliko Zuleha. Alikuwa akilisema hilo mwenyewe, kifua mbele. Kisha anaongeza, "Kompyuta za Makere ziko mbili, na ya pili ilishakufa."

Watu walicheka, lakini walimheshimu. Yeye na mwenzake Ndayisenga, fundi simu wa Kibondo, ndio waliotengeneza Gulio. Gulio ni programu ya simu, imepewa jina la soko la kila wiki. Mkulima anaandika ana nini: mihogo, maharage, ndizi. Mnunuzi anaandika anataka nini. Hakuna tena kubeba mzigo kichwani hadi sokoni ukakuta mnunuzi hayupo.

Gulio ni programu huria. Maana yake, maandishi yanayoiendesha yamewekwa wazi mtandaoni. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuleta marekebisho. Halipishwi mtu. Ni kama kisima cha kijiji.

Mbele ya majina ya wanunuzi wengine kuna alama ya kijani. Inasema: huyu tumemtembelea, tunamjua. Akina mama waliiamini alama hiyo kuliko waume zao. Kwa baadhi ya waume, hiyo si sifa kubwa.

Shangazi Asia ndiye aliyemlea Zuleha. Alikuwa na mbegu yake ya maharage, madogo, meupe, yenye jicho jekundu. Alipewa na mama yake, ambaye naye alipewa na mama yake. Madukani haipo. Kila mavuno Asia alitenga kidogo kwenye kibuyu, akakitundika juu ya jiko. Hata mwaka wa njaa hakukigusa.

Mvua zilipokaribia, Asia aliona kwenye Gulio mnunuzi wa Kibondo anayetafuta mbegu za zamani. Alama ya kijani ilikuwepo. Mnunuzi mwenyewe alikuwa na adabu, anaamkia kabla ya kuuliza. Alisema atalipa mzigo ukishapimwa. Bodaboda ikaja, ikachukua gunia, ikaondoka.

Malipo hayakuja. Simu ya mnunuzi ikawa haipatikani.

"Alitaka zote," Asia alimwambia Zuleha. "Nikamwagia na zile za kwenye kibuyu."

"Na za kwenye kibuyu, shangazi?"

"Si ulisema alama ya kijani ni wewe mwenyewe umemwona mtu kwa macho?"

Zuleha alitazama juu ya jiko. Kibuyu kilikuwa palepale, kinywa wazi, hakina kitu. Alitamani kulia, lakini mwenye haki ya kulia alikuwa ameketi mbele yake, na hakulia.

Alitoka nje akampigia Ndayisenga.

"Huyu mnunuzi wa mbegu ulimtembelea lini?"

"Mimi? Nilidhani ni wako. Kumbukumbu zinaonyesha jina lako."

"Jina langu ndilo tunaloingilia wote wawili, Ndayisenga."

Mwenzake akasema polepole, "Kama si wewe, na si mimi, basi humu ndani tuko wangapi?"

Siku ya gulio Zuleha alipanda gari la Kasulu. Alikuwa anamtafuta Yasmini, binti wa mwenye duka la nguo karibu na stendi. Yasmini alikuwa likizo nyumbani. Huko Dar kazi yake ni kukagua usalama wa programu huria. Walisoma pamoja zamani, tena dawati moja.

Yasmini alisikiliza mpaka mwisho. Akasukuma majora ya vitenge, akafungua kompyuta yake juu ya meza ya baba yake.

"Kuna kipimo," alisema. "Unakielekeza kwenye programu huria, kinaikagua na kuipa alama. Mwisho ni kumi. Kinaangalia kama kazi ya mmoja inasomwa na mwingine, kama vipande vilivyoazimwa ni vizima, na mengine ya namna hiyo."

Wakasubiri. Jibu likatokea. Mbili.

"Mbili kwa kumi," Zuleha alisema. "Hata hesabu sikupata mbili."

"Ulipata moja. Nilikuwa nimekaa pembeni yako."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha.

"Neno la siri mnalijua nani na nani?" Yasmini aliuliza.

"Mimi na Ndayisenga tu. Siwezi kukutajia hata wewe."

"Na usinitajie." Yasmini alibonyezabonyeza simu yake. "Ni Bihogo?"

Zuleha aliinama kuitazama simu.

"Video ya harusi yako iko mtandaoni, dada. Baba yako mkubwa anamsifu ng'ombe wa mahari. Pembe zake, mwendo wake, maziwa yake. Kila akitua, ukumbi mzima unaitikia Bihogo. Mtu akitaka kuingia kwenye nyumba ya Muha kama wewe, ataanza na ng'ombe wake."

"Tulichagua jina ambalo hatutalisahau."

"Wala aliyewaibia hakulisahau. Ameingia na jina lako, akajipa alama, akatoka."

Zuleha alishika tama. "Basi kosa ni kuweka kila kitu wazi. Tungeficha."

"Hapana. Uwazi si kosa. Kila mtu asome, ndiyo faida yake, kasoro zinaonekana mapema. Ila kuandika si kwa kila mtu. Wewe na mwenzako kila mmoja awe na jina lake na neno lake la siri, refu, lisilo la ng'ombe wala mtoto. Ukishaliandika, uombwe pia namba inayobadilika, inayotokea kwenye simu yako tu. Mwizi akipata neno, hana simu."

"Ndayisenga atasema namsumbua."

"Asumbuke. Halafu angalia hapa. Hiki kipande cha kutunza picha mmekiazima kwenye programu nyingine. Wenyewe walishatangaza kina tundu. Walishaliziba tangu mwaka jana. Ninyi bado mnatumia kile cha zamani."

"Hatukuambiwa."

"Mliambiwa. Hamkusoma." Yasmini akasita. Alikuwa ameona kitu kingine, na hakupenda kukisema. "Zuleha, sanduku la maoni mnalifungua?"

"Tukipata nafasi."

Yasmini aligeuza kompyuta. Kulikuwa na ujumbe wa kijana wa Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi, wa tangu kiangazi. Aliandika kwa upole kwamba ameona mtu anajipa alama ya kijani mwenyewe. Aliuliza amwambie nani. Aliuliza tena. Mara ya mwisho aliomba radhi kwa usumbufu.

Zuleha aliusoma na kuurudia. Kiangazi mbegu ilikuwa bado kwenye kibuyu. Ilitosha kusoma mistari michache, nayo ingekuwa bado imo.

"Wekeni ukurasa mmoja," Yasmini alisema kwa sauti ya chini. "Uandike wazi: ukiona hatari, tuambie hapa, kwa siri, tutakujibu. Na mjibu. Kwenu kila mtu aliweza kusoma, lakini hakuna aliyekuwa na zamu ya kusoma. Hapo ndipo mlipoumia."

Jioni hiyo hiyo Zuleha alimjibu kijana wa Nduta. Alimwomba msamaha, akamshukuru. Kwa akina mama wote aliandika kwamba alama ya kijani ilikuwa imeingiliwa, na kwamba uzembe ulikuwa wa watengenezaji. Ndayisenga alitaka waandike "hitilafu ya mtandao."

"Mtandao haukumwaga kibuyu cha shangazi," Zuleha alimjibu.

Walianza kazi. Walifuta alama zote, wakaanza kuwatembelea wanunuzi upya. Walibadili maneno ya siri. Vipande vya kuazima walivisasisha. Kisha wakaweka sharti: hakuna badiliko linaloingia mpaka mwingine alisome na kulikubali.

"Yaani nikirekebisha herufi moja nikuombe wewe?" Ndayisenga alilalamika.

"Uniombe. Na mimi nitakuomba."

"Mke wangu hajawahi kunifanyia hivi."

"Mpe muda."

Kabla mvua hazijaisha, akaja msaidizi mpya mtandaoni. Hawakuwahi kumwona. Alileta marekebisho mazuri, na sifa nyingi kwa Gulio. Zuleha alikuwa tayari kukubali, kwa maana sifa zilikuwa nzuri kweli. Lakini sharti ni sharti. Ndayisenga alisoma mstari kwa mstari, akinung'unika. Katikati akakuta mstari mdogo unaompa mnunuzi alama ya kijani bila kutembelewa.

"Huyu ni yule yule," alisema kwenye simu. Safari hii hakunung'unika. "Nimemkatalia."

Waliendesha kipimo tena. Nane. Akina mama wa Makere wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Mbegu haikurudi. Zuleha aliitafuta kila gulio kutoka Kasulu hadi Kibondo. Mara moja alipata inayofanana, ndogo, nyeupe, ina jicho. Alimpelekea Asia ndani ya kitambaa. Asia alizigeuzageuza kiganjani, akang'ata moja.

"Haya ni maharage mazuri," alisema. "Ya mama yalikuwa mengine." Akazipanda hata hivyo.

Baada ya mavuno Zuleha alikwenda kumsalimu. Alimkuta uani na jirani yake, Maximilla, wanamenya mihogo. Alikaa, akachukua kisu.

"Shangazi, Gulio sasa ni salama zaidi. Nisingependa nikulazimishe."

"Mimi nilishaifuta. Siku ile ile. Sitaki kuiona."

"Nimekuelewa, shangazi."

"Uelewe. Kitu kilichokula mbegu ya mama yangu nikibebe kwenye kanga?" Asia alitupa muhogo kwenye beseni. "Ila mihogo hii msiiuze hapa. Kibondo wanaitaka sana wiki hii. Na sasa hivi afadhali, chini ya alama wameweka majina mawili ya waliomtembelea mtu."

Zuleha aliacha kumenya. Majina mawili waliyaweka jana yake, na walikuwa hawajamtangazia mtu.

"Hayo majina mawili umeyaona wapi, shangazi?"

Asia alikaza macho kwenye muhogo wake. "Maximilla kanionyesha. Kwenye simu yake."

Maximilla aliinua kichwa, kisu kikiwa hewani.

"Simu yangu ya vitufe, mama Asia? Hiyo iliyofungwa na raba?"