Mizizi ya Kijani

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, yote mawili, mambo haya yalitokea kama ninavyoyaeleza. Anayebisha na abishe.

Saa nne kasorobo asubuhi, jasusi aitwaye Bawaba alifungua kwa waya mlango wa fleti ya marehemu shangazi yake. Bastola aina ya Glock mkononi. Kifaa cha mawasiliano sikioni.

Shangazi ndiye aliyemfundisha ujasusi. Alikuwa amefariki wiki sita zilizopita, na tangu hapo fleti ilifungwa.

"Una dakika kumi na tano," Mkuu alinong'ona sikioni. "Mnunuzi anakuja saa nne. Kadi yenye majina ya wenzetu kumi na wawili imefichwa humo. Lako ni la tatu."

"Asante kwa kunitia moyo, Mkuu."

Vumbi kila mahali. Kiti cha shangazi kilitazama dirisha, mto wake bado una shimo la mgongo.

Dirishani, okidi mbili kwenye vyungu vya plastiki inayoonyesha ndani.

Zote zimechanua.

Nywele zikamsimama. Wiki sita bila maji?

Akaikumbuka sauti ile kavu: "We mtoto, okidi usiipande kwenye udongo, utaizika hai! Ipe maganda ya mti, mizizi ipumue. Ikiwa ya kijivu, ina kiu. Ikiwa ya kijani, iache."

Akainama. Chungu cha kulia: maganda. Cha kushoto: udongo, tena umeshindiliwa.

Shangazi na udongo? Thubutu!

Akazamisha vidole. Kadi, ndani ya kipande cha nailoni.

"Iweke chini, mwanangu."

Msimamizi wa jengo alisimama mlangoni, mzee mpole, funguo kiunoni, bastola mkononi.

Bawaba akamrushia chungu. Udongo ukamjaa machoni, risasi ikatoboa dari. Kufumba na kufumbua mzee alikuwa kifudifudi, amefungwa pingu.

"Mkuu, kadi ninayo. Mnunuzi mpokeeni kwenye lifti."

"Tumeshampokea. Analia."

Bawaba akamgeukia mzee. "Na ulivyojisumbua kuzimwagilia zote mbili!"

"Zote? Mimi nilileta moja tu, ya kufichia kadi, juzi. Ile nyingine niliikuta humu. Sijaigusa, haki ya Mungu."

Bawaba akaitazama. Mizizi ilikuwa kijani kibichi. Tone likadondoka kwenye kisahani.

Likafuata jingine.

"Shikamoo, Shangazi," akasema taratibu.

Akaikumbatia okidi, akamsukuma mzee mbele, akashuka ngazi akipiga mluzi. Nyuma yake kiti kililia, kama mtu anapoinuka. Hakugeuka.

"Na hii yangu?" mke wangu akauliza, akiinua okidi yake iliyooza shina. Udongo wa bustanini ulimdondoka vidoleni. "Nayo imezikwa hai na msimamizi wa jengo?"

Udongo ule niliutia mimi. Miaka arobaini ya ndoa, na kumbe huyu ndiye majasusi wangemwajiri.

"Vaa viatu uende dukani, mzee. Na maganda usisahau."

Nilinunua mbili, kwa pensheni yangu mwenyewe. Ziko dirishani. Nimepigwa marufuku hata kuzipumulia.